Samadi, ekari na maji: kuzielewa sheria za samadi za jimbo la Pennsylvania

Ni mwisho wa Januari, theluji imefika katikati ya muundi, na mfugaji amesimama ukingoni mwa bwawa lake la samadi akisoma nguzo yenye alama za futi na inchi. Ana ng'ombe sitini wa maziwa. Kila mmoja anatoa samadi na mkojo unaokaribia pauni 150 kwa siku, kama kilo 68 hivi, kwa hiyo zizi zima linaingiza bwawani zaidi ya galoni elfu moja kila kukicha, yaani lita 4,000 hivi. Nguzo inaonyesha kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo. Mashamba yake yako mbele ya macho, meupe, kimya. Tela la kumwagia samadi liko bandani, tayari. Swali alilo nalo ni moja: je, sheria inaniruhusu kumwaga leo?

Hapa ni Kaunti ya Lancaster, kusini mashariki mwa Pennsylvania, na swali hilo si la wafugaji Waamishi na Wamenoni, jumuiya za Kikristo za hapa, peke yao. Mjini Lancaster kuna familia nyingi zilizotoka Kongo na nchi jirani zikaletwa kama wakimbizi. Wapo wanaokodi ekari mbili tatu nje ya mji kwa ajili ya mbuzi na kuku, kwa sababu mtu aliyekulia kwenye mifugo haachi mifugo kwa kuwa amevuka bahari. Nimekaa mezani na baadhi yao tukijaza makaratasi ya samadi, na kila mara sentensi ya kwanza huwa ile ile: “Mimi nina mbuzi kumi tu, haya hayanihusu.” Yanakuhusu, ndugu yangu. Naandika ili tusielewane vibaya juu ya hilo.

Kwanza tuulize kwa nini serikali inajishughulisha na samadi. Kwetu samadi ni mali. Malori hupakia samadi kwenye maboma ya Wamasai kule Kajiado na kuipeleka milimani kwa wakulima wa mboga na kahawa, na anayeinunua hulipa pesa taslimu. Pale Kilimanjaro samadi ya ng'ombe wa ndani huenda moja kwa moja kwenye migomba. Mtu aliyezoea hayo akiambiwa kuna nchi ambako samadi inasimamiwa kama kitu cha hatari, anaona ni upungufu wa akili.

Tofauti imo kwenye chakula cha mifugo. Ng'ombe anayekula majani ya shamba lake mwenyewe anarudisha kwenye udongo kile alichokitoa. Lakini sehemu kubwa ya mahindi na soya wanayokula kuku, nguruwe na ng'ombe wa Lancaster hailimwi Lancaster, inaletwa kutoka mbali. Naitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye nafaka hizo zinaingia kaunti hii kila siku. Nyama, mayai na maziwa yanatoka yakiwa na sehemu ndogo tu ya virutubisho hivyo. Kilichobaki kinaangukia sakafuni mwa zizi, na kubeba samadi mbichi umbali mrefu ni ghali kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Hivyo inamwagwa karibu. Miaka ikipita, udongo unashiba.

Na udongo ulioshiba hauwezi kuzuia virutubisho visibebwe na maji. Vijito vya Lancaster vinaingia mto Conestoga na mito mingine midogo, hiyo inaingia Susquehanna, na Susquehanna peke yake huleta karibu nusu ya maji baridi yote yanayoingia Ghuba ya Chesapeake, kwenye pwani ya Atlantiki. Huko ghubani virutubisho vile vile vilivyotakiwa kulisha mahindi vinalisha mwani. Mwani unakua, unafunika mwanga, unakufa, na unapooza unamaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji. Chaza na samaki hawana pa kukimbilia. Desemba 2010 serikali kuu iliweka kikomo cha uchafu kwa ghuba yote: naitrojeni pauni milioni 185.9 kwa mwaka na fosforasi pauni milioni 12.5, zigawanywe kati ya majimbo sita na mji wa Washington. Pennsylvania haipakani kabisa na ghuba hiyo, lakini mzigo wake ni mkubwa, na wengi wa wanaotakiwa kuupunguza ni wakulima.

Kuna na maji ya karibu zaidi, ya kisimani. Ardhi ya Lancaster imekaa juu ya mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa yana nyufa na mapango. Mahali pengine ardhi hudidimia ghafla na kuacha shimo linaloingia chini moja kwa moja. Samadi ikimwagwa kando ya shimo kama hilo, safari yake hadi kwenye kisima cha jirani inaweza kuwa fupi sana, bila udongo wowote wa kuichuja. Kikomo cha nitreti katika maji ya kunywa nchini Marekani ni miligramu 10 za naitrojeni kwa lita, na kiliwekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga, kwa sababu nitreti nyingi huzuia damu yao kubeba oksijeni. Mzazi anayekoroga maziwa ya unga kwa maji ya kisima cha shambani anapaswa kulijua hili kabla ya kujua kifungu chochote cha sheria.

Sasa sheria zenyewe. Zinachanganya kwa sababu ziliandikwa kwa nyakati tofauti na zinapandana kama matabaka ya rangi ukutani. Chini kabisa iko Sheria ya Vijito Safi ya mwaka 1937, inayokataza kuchafua maji ya jimbo. Juu yake zikaja kanuni za kutaka samadi isimamiwe kwa mpango, na mwongozo wake uliandikwa upya mwaka 2011. Pembeni kuna sheria ya virutubisho ya mwaka 1993 ambayo mwaka 2005 ilibadilishwa na ile inayoitwa Sheria ya 38. Juu ya yote kuna sheria ya serikali kuu inayohusu mashamba makubwa. Mfugaji mmoja anaweza kuguswa na moja, mbili au zote, na ndiyo maana watu wawili wenye ng'ombe sawa wanaweza kuwa na wajibu tofauti.

Njia rahisi ya kuelewa ni kufikiria ngazi yenye vidato vitatu.

Kidato cha kwanza ni cha kila mtu. Shamba lolote Pennsylvania linalomwaga samadi ardhini, la ukubwa wowote, lazima liwe na mpango wa samadi ulioandikwa. Hakuna idadi ya chini ya wanyama. Mbuzi kumi wamo. Hata mkulima wa mahindi asiye na mnyama hata mmoja, akinunua samadi ya kuku kwa jirani na kuitia shambani, naye anatakiwa kuwa na mpango. Wengi hawalijui hili la mwisho. Mpango huu mfugaji anaweza kuuandika mwenyewe, fomu yake ni ya bure, na haupelekwi popote kuidhinishwa: unakaa shambani, na mkaguzi akija unamwonyesha.

Kidato cha pili kinategemea msongamano, yaani uzito wa mifugo ukigawanywa kwa ekari zinazofaa kumwagiwa samadi. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu. Sheria inahesabu kwa uniti. Uniti moja ni pauni 1,000 za mnyama aliye hai, kwa hesabu ya mwaka mzima. Unachukua idadi ya wanyama, unazidisha kwa wastani wa uzito wao, unazidisha kwa siku wanazokuwepo bandani kwa mwaka, kisha unagawanya kwa 1,000 na kwa 365. Ukipata zaidi ya uniti 2 kwa kila ekari, na shamba zima lina uniti 8 au zaidi, unaingia kwenye kundi la mashamba yenye msongamano wa mifugo.

Tuchukue yule mfugaji wetu wa bwawani. Ng'ombe 60, kila mmoja pauni 1,400, wapo mwaka mzima: uniti 84. Ana ekari 80 za mahindi, majani na malisho. Uniti 84 kwa ekari 80 ni kama 1.05 kwa ekari. Hayumo kwenye kidato cha pili. Sasa mwangalie jirani yake mwenye banda moja la kuku wa nyama 25,000. Kuku huanza kifaranga na huuzwa akiwa mkubwa, kwa hiyo wastani wake tuseme ni pauni 3, na bandani wanakuwemo siku 250 kwa mwaka, ukitoa siku za kusafisha kati ya kundi na kundi. Jibu ni uniti 51 hivi. Ni pungufu ya za ng'ombe. Lakini huyu ana ekari 12 tu. Uniti 51 kwa ekari 12 ni zaidi ya 4 kwa ekari, mara mbili ya kikomo. Kwa macho ya mpita njia, mwenye ng'ombe ndiye mwenye shamba kubwa na mwenye kuku ana kijishamba. Kwa macho ya sheria, mwenye kuku ndiye mwenye mzigo mzito, kwa sababu samadi yake haina pa kwenda. Ukishalielewa hilo, umeuelewa moyo wa Sheria ya 38.

Na yule ndugu wa mbuzi kumi? Mbuzi wa pauni 120 mara kumi ni pauni 1,200, yaani uniti 1.2. Hata akiwaweka kwenye nusu ekari, shamba zima halijafika uniti 8, kwa hiyo anabaki kidato cha kwanza. Atakuwa na mpango wake wa kurasa chache, basi.

Angalizo moja kuhusu ekari. Zinahesabiwa zile unazoweza kumwagia samadi kihalali: mashamba ya mazao, majani ya kukata, malisho, yako au ya kukodi. Msitu, nyumba, uwanja na barabara havimo. Watu hutaja ekari za kwenye hati ya ardhi, hesabu inatoka nzuri, kisha mkaguzi anaondoa msitu na wote wanashangaa.

Aliyefika kidato cha pili haandiki mpango wake mwenyewe isipokuwa awe na cheti cha utaalamu huo. Mpango wake wa virutubisho unaandikwa na mtaalamu aliyethibitishwa na jimbo, unapitishwa na ofisi ya uhifadhi ya kaunti, na unapitiwa upya kila miaka mitatu. Akijenga banda jipya au kupanua la zamani, anahitaji pia mpango wa kudhibiti harufu.

Kidato cha tatu ni cha mashamba ambayo kila mtu hapa anayaita CAFO, kifupi cha Kiingereza cha mashamba makubwa ya mifugo iliyosongamana. Unafika huko ukiwa na zaidi ya uniti 1,000 hata kama una ekari kama nyika, au ukiwa wa kidato cha pili mwenye zaidi ya uniti 300, au ukifikisha idadi za serikali kuu, kwa mfano ng'ombe wa maziwa wazima 700 au nguruwe 2,500 wenye uzito wa pauni 55 kwenda juu. Hao wanahitaji kibali cha kutiririsha maji, sawa na kiwanda. Sitakaa sana hapo. Mwenye shamba la ukubwa huo ana mwanasheria na mshauri wake. Makala hii nimeiandikia mwenye koleo.

Turudi basi kwenye mpango wa kidato cha kwanza, kwa sababu ndio unaowagusa wengi. Ndani yake kuna ramani ya shamba, kiasi cha samadi kitakachomwagwa kwenye kila zao, na majira yake. Kisha kuna umbali. Kanuni ya kukumbuka ni futi 100, kama mita 30: usimwage samadi ndani ya futi 100 kutoka ukingo wa kijito, ziwa au bwawa la maji, wala kutoka shimo lililodidimia, wala kutoka kisima au chemchemi ya maji ya kunywa. Kwa kijito kuna nafuu: ukiacha ukanda wa kudumu wa majani wenye upana wa futi 35 kando ya maji, unaweza kumwaga mpaka mwisho wa ukanda huo, ila si ndani yake. Majani yale yanapunguza kasi ya maji na kushika udongo. Nimewaona wafugaji waliolalamikia futi hizo 35 wakaja kuzikata kama malisho makavu kila kiangazi, hivyo hasara haikuwa ile waliyoiogopa.

Kiasi ndiyo sehemu inayotaka kufikiri. Mahindi yanahitaji naitrojeni karibu pauni moja kwa kila busheli (kipimo cha nafaka) unayotarajia kuvuna. Ukipima samadi ili ishibishe mahindi naitrojeni, mara nyingi utakuwa umetia fosforasi zaidi ya zao linavyohitaji, kwa sababu uwiano wa virutubisho ndani ya samadi haufanani na uwiano wa mahitaji ya mmea. Mwaka wa kwanza haionekani. Mwaka wa ishirini kipimo cha udongo kinaonyesha fosforasi ya kutosha kizazi kizima, na kila mvua kubwa inaondoka nayo kidogo. Ndiyo maana mashamba ya kidato cha pili yanatakiwa kupima udongo na kukokotoa hatari ya fosforasi kwa kila shamba: mteremko, umbali wa maji, namna ya kumwaga, na kilichomo tayari ardhini. Shamba moja linaweza kuruhusiwa kupata samadi kwa kipimo cha naitrojeni, la pili kwa kipimo cha fosforasi, la tatu lisipate kabisa. Hata kama wewe ni wa kidato cha kwanza, pima udongo wako. Ni gharama ndogo kwa taarifa utakayoipata.

Na aina ya samadi ina uzito wake. Tani ya samadi ya kuku wa nyama ina naitrojeni mara kadhaa ya tani ya samadi ya ng'ombe. Aliyezoea kumwaga ya ng'ombe kwa macho akipata lori la ya kuku na kumwaga kwa macho yale yale, atachoma mimea na kuchafua kijito kwa siku moja.

Mpango pia unaangalia mahali wanyama wanaposimama. Uwanja wa zizi, pale ng'ombe wanapokusanyika mpaka majani yote yamekwisha na pamebaki tope, unatakiwa kukingwa: maji safi ya paa na ya mlimani yaelekezwe kwingine yasipite kwenye tope, na maji machafu yasitoke yakaingia kijitoni. Wanyama wa uwanjani hapo hawaruhusiwi kuingia kijitoni watakavyo, ila wanaweza kuwa na kivuko maalumu. Malisho nayo lazima yabaki na majani mazito yenye wastani wa inchi 3 kwenda juu wakati wa majira ya kukua, au mfugaji awe na mpango wa kuzungusha malisho. Mbuzi wanalishughulikia sharti hili vibaya kuliko mnyama yeyote. Waliofuga wanajua: mbuzi wakikaa mahali pamoja miezi miwili, hapabaki cha kupima.

Aliye na kijito na ng'ombe wanaolala ndani yake kila alasiri ya Julai atajiuliza kama uzio una faida. Ninapita karibu na shamba moja ambako miaka michache nyuma kingo zilikuwa zimevunjika na maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwenyewe aliweka uzio, akapanda miti ya mtoni, akaacha kivuko kimoja cha mawe. Leo ukisimama darajani unaona changarawe chini. Na yeye anasema kwato na viwele vya ng'ombe wake vina afya kuliko zamani, jambo ambalo halimo kwenye sheria lakini kwake lina thamani kuliko sheria.

Sasa jibu la yule mfugaji wa Januari.

Kwa mwongozo wa Pennsylvania, majira ya baridi ni kuanzia Desemba 15 hadi Februari 28, na pia siku yoyote ardhi ikiwa imeganda kwa kina cha inchi 4 au zaidi, au imefunikwa na theluji. Kumwaga wakati huo hakujakatazwa moja kwa moja, na watu wengi hawaamini wakisikia. Kumefungwa kwa masharti. Shamba liwe limetajwa kwenye mpango kuwa la kumwagiwa wakati wa baridi. Mteremko usizidi asilimia 15. Ardhi iwe imefunikwa na mabaki ya mazao kwa angalau asilimia 25, au iwe na zao la kufunika udongo lililokwisha kuota, kama rai, nafaka ya jamii ya ngano. Ule umbali wa futi 100 kutoka kijitoni haupungui hata kama una ukanda wa majani, kwa sababu majani yaliyolala chini ya theluji hayachuji kitu. Na kiasi kina kilele: galoni 5,000 kwa ekari kwa samadi ya maji, tani 20 kwa ekari kwa samadi kavu ya wanyama wasio kuku, tani 3 tu kwa samadi ya kuku.

Sababu utaiona kwa macho ukipita barabarani mwezi Machi. Samadi iliyomwagwa juu ya ardhi iliyoganda haizami. Inakaa juu kama mchuzi juu ya sahani. Jua likitoka, theluji iliyo chini na kando ya samadi inayeyuka kwanza kwa sababu rangi nyeusi inavuta joto, vinatokea vijia vyembamba vya kahawia, vinaungana, vinateremka bondeni, na udongo uliotakiwa kuvipokea umefungwa kama sakafu ya saruji.

Lakini bwawa nalo lina kikomo. Bwawa la udongo lazima libaki na inchi 12 tupu juu, tangi la zege inchi 6, ili mvua au theluji ya ghafla isilifurishe. Kwa hiyo mfugaji amebanwa pande mbili: akimwaga vibaya amekosa, akiacha lijae amekosa. Hukumu yangu, baada ya kuyaona haya kwa miaka, ni kwamba tatizo la Januari hutengenezwa Oktoba. Anayeingia majira ya baridi na bwawa karibu tupu, baada ya kumwagia mashamba yaliyovunwa na kupandwa rai, analala usingizi. Anayeingia likiwa nusu kwa sababu mvua za vuli zilimzuia, atahesabu inchi mpaka Machi. Ndiyo maana wenye mabwawa yanayotosha samadi ya miezi mitatu wanahangaika kutafuta fedha za kujenga ya miezi sita. Bwawa au tangi jipya lazima lichorwe na mhandisi aliyesajiliwa, na bei yake inatisha, lakini kuna misaada: programu ya serikali kuu iitwayo EQIP, punguzo la kodi la jimbo liitwalo REAP tangu 2007, na fedha za ACAP zilizoanzishwa mwaka 2022 zinazopitia ofisi za kaunti. Kabla ya kukopa benki, anza na ofisi ya uhifadhi ya kaunti yako. Pennsylvania ina ofisi 66 za namna hiyo, na wengi wa wanaofanya kazi humo wamekulia mashambani.

Nitoke kidogo nje ya sheria, kwa sababu hili ni la uhai. Samadi iliyokaa muda mrefu ikikorogwa hutoa gesi ya salfidi hidrojeni. Kwa kiasi kidogo inanuka kama mayai viza. Ikizidi inaua pua kwanza, husikii harufu tena, kisha inakuua wewe. Wanaotandika jasi, unga wa madini meupe, kwenye vitanda vya ng'ombe wana hatari zaidi, kwa maana jasi ina salfa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State walilichunguza hili hapa hapa jimboni. Usiingie kamwe kwenye tangi la samadi kumfuata aliyeanguka, na watoto wakae mbali siku ya kukoroga.

Wasio na ekari za kutosha huiuza au kuigawa samadi kwa wenye mashamba. Ni njia nzuri, ila nayo ina karatasi zake. Anayebeba samadi kwa biashara lazima awe na cheti chini ya sheria ya mwaka 2004. Shamba la kidato cha pili linapotoa samadi nje linaweka kumbukumbu ya nani amepokea na kiasi gani, na anayepokea lazima awe na hesabu inayoonyesha kwamba mashamba yake yanaihitaji. Lori likishaondoka swali linabaki: imekwenda wapi?

Tangu 2016 ofisi za kaunti zilizo ndani ya bonde la Chesapeake zimekuwa zikikagua mashamba kwa lengo la kufikia sehemu moja ya kumi kila mwaka. Mwanzoni mkaguzi alikuwa akiuliza jambo moja: mpango upo? Baadaye akaanza kuuliza la pili: unaufuata? Mkaguzi hupiga simu au kuandika barua kabla ya kuja, na asiye na mpango hupewa muda wa kuuandika. Anayepuuza barua moja baada ya nyingine ndiye anayejikuta mbele ya Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya jimbo, na Sheria ya Vijito Safi inaruhusu faini ya hadi dola 10,000 kwa siku kwa kila kosa. Samaki wakifa kijitoni, Tume ya Samaki na Boti ya jimbo nayo inaingia. Barua zinakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo kama mzee nyumbani hasomi lugha hiyo, asiiweke kabatini. Mpeni kijana aisome jioni ile ile.

Kitu ambacho mkaguzi hupenda kukiona kuliko vyote ni daftari. Tarehe, shamba, aina ya samadi, kiasi, hali ya hewa. Wengi huandika “tela tatu” na kuacha hapo. Tela tatu si kipimo mpaka ujue tela linamwaga kiasi gani kwa ekari, na kulijua hakuhitaji mtaalamu. Kwa samadi kavu, tandika turubai la futi 10 kwa 10 shambani, pitisha tela juu yake kwa mwendo wako wa kawaida, kusanya kilichoangukia humo na ukipime kwa pauni. Zidisha kwa 21.78, gawanya kwa 100, umepata tani za Kimarekani kwa ekari. Pauni 46 kwenye turubai ni tani 10.

Kwa samadi ya maji unapima eneo. Mfugaji wetu ana tangi la galoni 2,500 linalomwaga upana wa futi 15. Ana shamba moja lenye rai iliyoota vizuri, karibu tambarare, mbali na kijito, na kwenye mpango limeandikwa kuwa la kutumika wakati wa baridi likilazimu. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ili galoni zake 2,500 zisizidi kiwango cha galoni 5,000 kwa ekari, lazima azitandaze kwenye nusu ekari, na kwa upana wa futi 15 hiyo ni safari ya futi 1,452. Alipopima kwa hatua mara ya kwanza, tangi liliisha futi 1,200: alikuwa akimwaga galoni 6,000 na zaidi kwa ekari bila kujua, miaka yote. Akapandisha gia moja. Asubuhi ile alimwaga matangi manne tu, nguzo ya bwawani ikashuka kidogo, akarudi ndani, akavua glavu, akaandika tarehe, jina la shamba, galoni 10,000, ekari mbili na robo, ardhi imeganda, hakuna mvua iliyotabiriwa.